Acheni Kuzika Kompyuta Zilizo Hai

Nenda kwenye stoo ya shule au ofisi, iwe Njoro, Molo, Gilgil au katikati ya jiji la Nakuru, uulize kompyuta za zamani ziliishia wapi. Mara nyingi utaonyeshwa rundo: makasha meusi ya Dell OptiPlex na HP Compaq, mengi yakiwa yale ya ex-UK, yamepangwa hadi dirishani na kugubikwa vumbi. Uliza yana kasoro gani. Utajibiwa kwa uhakika wa hakimu: "Zimezeeka."

Uongo mtupu. Nyingi kati ya hizo hazijazeeka, zina njaa. Mashine ya mwaka 2011 yenye gigabaiti 2 za RAM iliitosha ofisi ya siku zile. Leo karani wa ofisi hiyo hiyo amefungua eCitizen, iTax, barua pepe na jedwali la Excel kwa mkupuo. Kivinjari peke yake kinaimaliza RAM yote, na mashine inalazimika kuhamishia mzigo kwenye diski, ambayo kasi yake haikaribii hata kidogo ile ya RAM. Taa ya diski inamemeteka bila kupumzika, kipanya kinaganda, foleni ya wananchi inarefuka hadi nje, na mkubwa wa ofisi anaandika barua ya kuomba tenda.

Tenda! Utamu uko hapo. Kipande cha RAM hakizinduliwi. Hakuna mheshimiwa atakayekata utepe mbele ya kitu kinachoingia mfukoni mwa shati, na hakuna mgao wa kumegeana kwenye bidhaa ambayo ikinunuliwa iliyotumika haifikii hata sehemu ya kumi ya bei ya kompyuta mpya. Kompyuta mpya arobaini, hizo zina hotuba, zina picha na zina chai. Sisemi kila ofisa ni mwizi. Wapo wasiojua. Lakini kwa mlipa ushuru, ujinga wa gharama hii na wizi vinamtoka mfuko ule ule.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka taasisi iwe na kamati ya kushughulikia mali iliyochakaa au kupitwa na wakati. Nauliza wanakamati: kabla ya kugonga muhuri, nani alishika bisibisi akafungua kifuniko? Kutupa mashine nzima kwa upungufu wa RAM ni kuchinja ng'ombe wa maziwa kwa sababu kamba imekatika.

Kazi yenyewe ya kuongeza RAM haihitaji shahada ya Chuo Kikuu cha Egerton. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, fungua kifuniko, gusa chuma cha kasha mwili wako utoe umeme tuli, achia vishikizo vya nafasi ya RAM, chomeka kipande kipya mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Cha muhimu ni kujua aina. Makasha mengi ya kati ya 2010 na 2014 hutumia DDR3, yenye pini 240. Ukinunua DDR4 yenye pini 288 haitaingia, hata ukisukuma kwa goti. Na kama Windows iliyomo ni ya biti 32, usijisumbue kupita gigabaiti 4 kabla ya kuweka ya biti 64. Tena vumbi letu hili la volkeno hupenya kila pahali. Kuna mashine zimetangazwa maiti kwa kuwa zinalia tu bila kuwaka, kumbe RAM ilihitaji kuchomolewa, pini zake zisuguliwe taratibu kwa ufutio na kurudishwa.

Mafundi nao wasicheke. Wapo wanaopokea mashine yenye gigabaiti 8 na kuirudisha na 4, mwenyewe akiambiwa "imechoka". Andika ukubwa wa RAM kabla hujaiacha dukani, na uukague kabla hujalipa.

Nitaambiwa: Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine hizi. Kweli, na hapo RAM pekee haiponyi. Basi weka Linux Mint, ambayo ni ya bure na ina LibreOffice ndani yake. iTax na eCitizen hufunguka kwenye kivinjari, na kivinjari kipo. Ongeza diski ya SSD, kisha mpe mwanafunzi wa Subukia aandike. Hatakuuliza kasha liliundwa mwaka gani.

Na tazameni kinachoendelea duniani. Vituo vya data vya akili unde vinazoa RAM hadi bei imepaa kila mahali. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaachana na kuwauzia watumiaji wa kawaida RAM za chapa ya Crucial. Wengine wanapigania vipande hivi, sisi tunavifungia stoo mpaka vioze. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sehemu ya taka zetu, tusidanganyane, hupitia jalala la Gioto hapa Nakuru, na wanaozivunja kwa mikono mitupu ni maskini wanaookoteza riziki humo.

Kwenu wanabodi za shule na wakuu wa idara: kabla ya kutia saini ununuzi wowote wa kompyuta, daini karatasi moja inayoonyesha, kwa kila mashine ya zamani, ina gigabaiti ngapi, ina nafasi ngapi tupu za RAM, na inaweza kubeba hadi kiasi gani. Kama karatasi hiyo haipo, wekeni kalamu chini.