Mfupa ni Kitu Kilicho Hai

Msimu wa maembe unapofika huko Kikoneni, katika Kwale, watoto hupanda miembe, na baadhi yao huanguka wakavunjika mikono. Watu wengi hudhani kwamba mfupa ni kama kijiti kikavu. Sivyo, mfupa u hai.

Ukitazamwa kwa hadubini, mfupa huonekana umejengwa mfano wa nyumba ya udongo. Nyuzi zake ndizo fito, na madini ya chokaa ndiyo udongo. Fito peke yake hupinda; udongo peke yake hubomoka. Ndani mna vijia vyembamba vya mishipa ya damu, na kuvizunguka zimekaa chembe hai, kila moja katika kijishimo chake. Gegedu, kama lile la puani na masikioni, ni laini, wala halina mishipa ya damu. Kwa hiyo likiumia hupona kwa shida.

Mara nyingi mfupa uliovunjika huungwa kwanza kwa gegedu, kisha gegedu hilo hugeuka mfupa kwa muda wa majuma kadhaa. Kazi hiyo yahitaji damu. Basi afungaye mabanzi asikaze mno. Vidole vikivimba, vikiwa baridi au vikifa ganzi, kamba ilegezwe mara moja, na mtoto apelekwe hospitali, kama ile ya Msambweni.

Tena, mifupa ya mtoto hurefuka kwa gegedu lililo karibu na ncha zake. Likiumia na kupuuzwa, mkono huweza kubaki mfupi au kupinda. Mzazi asingoje uvimbe upungue.