Bawabu na Mtunza Ghala

Kila mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapomkabidhi Rais ripoti yake, taifa hugutuka kwa wiki mbili hivi, kisha hurejea usingizini. Huwajadili mawaziri, makatibu wakuu na wakurugenzi. Hakuna anayemtaja aliyeshika ufunguo wa stoo, wala yule aketiye mlangoni. Mtakatifu Benedikto, mmonaki wa Italia wa karne ya 6, aliwatafakari watu hao wawili kwa umakini kuliko waandishi wengi wa miongozo yetu ya maadili.

Kanuni aliyowaandikia wamonaki wake ina sura 73. Anayetarajia kukuta humo sala tupu atashangaa, kwani inazungumzia pia kipimo cha chakula, saa za kazi, mavazi, wagonjwa na wageni. Sura ya 31 inamhusu mtunza ghala. Anaagizwa avitazame vyombo na mali zote za monasteri kama vyombo vitakatifu vya altareni, yaani jembe lipewe heshima ya kalisi. Sura inayofuata inamtaka abate awe na orodha ya vifaa, ajue alichotoa na alichopokea. Kwa Benedikto, utakatifu na leja havikugombana. Sisi tumevitenganisha: leja tumemwachia mkaguzi, utakatifu tumeuacha msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, na katikati ya wiki gari la umma linabeba mkaa wa bosi.

Lakini kinachonigusa zaidi si mali. Mtunza ghala akiombwa jambo lisilofaa, anatakiwa akatae kwa sababu na kwa unyenyekevu, bila kumdhalilisha mwombaji. Asipokuwa na cha kutoa, basi atoe neno jema. Na sura ya 66 inamweka langoni mzee mwenye busara, ajuaye kupokea ujumbe na kutoa jibu, mwenye chumba chake karibu na lango ili kila ajaye amkute mtu. Maskini akibisha hodi, bawabu amjibu upesi na kwa upole.

Sasa tutazame milango yetu. Mkataba wa Huduma kwa Mteja umetundikwa ukutani ndani ya fremu. Chini yake ameketi mzee aliyesafiri usiku kucha kwa basi kufuatilia mafao yake ya kustaafu, naye anaambiwa: "Mhusika hayupo, njoo kesho." Dhuluma hii haina vocha, hivyo mkaguzi hawezi kuinasa. Hata hivyo wananchi walio wengi huifahamu serikali kupitia sentensi hiyo, si kupitia hotuba ya bajeti.

Najua mwanaharakati atanikatiza hapa. Atauliza kama ninataka tujifunze uongozi bora kutoka kwa watu walioapa utii. Hoja yake ni nzito, na historia inaipa uzito zaidi. Wabenediktini waliingia kusini mwa nchi yetu chini ya kivuli cha utawala wa Wajerumani. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilichomwa moto katika vita vya Majimaji mwaka 1905. Zaidi ya hayo, mmonaki huweka nadhiri kwa hiari yake. Mwananchi hakumwekea mkuu wa wilaya nadhiri yoyote. Kwa hiyo utii wa monasteri ubaki monasterini. Atakayeuleta ofisini ataishia kulea udikteta mdogomdogo wenye harufu ya ubani.

Ila hata abate huyo mwenye mamlaka makubwa hakuachiwa afanye apendavyo. Sura ya 3 inamtaka, kukiwa na jambo zito, awaite wote na kuwasikiliza, kwa kuwa mara nyingi lililo bora Mungu humfunulia aliye mdogo kuliko wote. Nimeketi katika vikao vingi vya watumishi ambamo mdogo kuliko wote hufungua kinywa mara moja tu, kusema "naunga mkono hoja". Baada ya kusikiliza, abate huamua peke yake, akijua atalijibia jambo hilo mbele za Mungu. Hapo ndipo tunapopaswa kudai zaidi ya Benedikto: kiongozi wa umma atujibu na sisi, tungali hai.

Kwa vyovyote, mageuzi yaanzie langoni. Ofisi nyingi za umma humweka hapo mlinzi wa kampuni binafsi au mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo, wasio na mamlaka ya kujibu lolote. Kisha tunashangaa kwa nini hawajibu. Ningependa kuona halmashauri moja tu ikithubutu kufanya kinyume: ofisa mwandamizi, mwenye miaka 20 kazini, anayejua kila faili lilipokwama, akabidhiwe meza ya mapokezi. Cheo na mshahara vibaki vilevile. Kinachohama ni kiti chake, kutoka ghorofa ya tatu hadi pale wazee wanapokaa kusubiri.