Kiazi cha Mwakani

Katika nyanda za Kitulo, ambazo wenyeji huziita Bustani ya Mungu na ambazo serikali ilizifanya hifadhi ya taifa mwaka 2005, kadhalika katika miombo iliyo chini yake, humea okidi za ardhini ambazo mgeni huzisifu kwa maua yake, ilhali mchimbaji huzithamini kwa viazi vyake. Nami, bila kumdharau mgeni, naona mchimbaji ndiye azijuaye zaidi.

Fukua mche mmoja, utakuta viazi viwili ubavu kwa ubavu: kimoja kimesinyaa, maana kimekwisha kutoa akiba yake yote kulilisha ua la mwaka huu, cha pili kigumu, kimejaa, nacho ndicho ua la mwakani. Wayunani wa kale walivihusisha viazi hivyo na mahaba, hata tabibu Dioscorides akaandika kwamba wanawake wa Thessalia hunywesha kile kichanga kwa maziwa ya mbuzi ili kuamsha ashiki, na kile kikavu ili kuizima. Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, Wazambia wamevipatia kazi yenye manufaa zaidi: unga wake huchanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili na magadi, ukapikwa hata ukashikamana, ukakatwa vipande, ndiyo chikanda. Kilichokuwa chakula cha msimu wa njaa vijijini sasa huuzwa masokoni Lusaka, na viazi vya kwao vilipoadimika, magunia yakaanza kutoka kwetu Tanzania.

Muhogo hukatwa shina ukapandwa tena. Okidi haikujaaliwa hivyo. Mbegu zake, maelfu katika ganda moja, ni kama vumbi lisilo na chakula ndani, na tangu Mfaransa Noël Bernard alipobainisha jambo hilo mwaka 1899, twajua kwamba hazioti mpaka zikutane na kuvu ya udongoni ya kuzilisha. Kisha hupita miaka kabla ya ua la kwanza. Mchimbaji, naye, huchukua kile kiazi kilichojaa.

Walakini sioni insafu kumkamata mama mwenye jembe na kikapu, na kumwachia mnunuzi mwenye lori. Kijiji na kipewe mamlaka juu ya msitu wake. Uchimbaji uanze baada ya maganda kupasuka na mbegu kupeperuka. Bonde moja lipumzishwe huku jingine likichimbwa. Na kwa kuwa okidi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, mnunuzi ndiye aulizwe kibali mpakani, na asiye nacho gunia lake libaki forodhani.