Usiniulize Inalipa Ngapi

Kuna swali linalonichosha kuliko yote mjini hapa, na si lile la "utaoa lini." Ni hili: "Na hiyo inakulipa?" Mtu akisikia kwamba usiku huwa naandika hadithi za kubuni, tena kwa Kiswahili, haulizi zinahusu nini. Haulizi kama anaweza kusoma moja. Anauliza ni pesa ngapi, na nikimwambia hakuna pesa ananitazama kwa huruma kama mtu aliyeporwa simu River Road. Kisha ushauri unaanza. Sehemu ya kwanza wape bure, ya pili watume shilingi 20 kwa M-Pesa. Zigeuze video za dakika moja. Fungua chaneli.

Sitaki. Na si kwamba sijaelewa mpango. Nimeuelewa vizuri sana.

Nenda steji yoyote ya bodaboda saa nane mchana. Utakuta wanaume wawili wamekalia kreti, drafti katikati yao, kete ni vifuniko vya soda, na wengine sita wamesimama wakiwapigia kelele vile wanafaa kucheza. Hakuna anayewauliza mpango wao wa biashara. Timu za mtaa hucheza Jumapili na wachezaji huchanga wenyewe pesa ya refa. Wanakwaya hufika mazoezini kwa nauli yao. Mama anayeshona vitambaa vya makochi ya nyumba yake anaachwa ashone. Hao tunasema wana uraibu. Mimi ndiye eti nina "talanta ninayoipoteza."

Nadhani tofauti iko kwenye kifaa. Ubao wa drafti ni ubao wa drafti basi. Mimi naandika kwenye simu, na simu hapa Nairobi si kitu cha kuchezea. Ndiyo benki, ndiyo ofisi, ndipo Fuliza inakaa, ndipo apu ya mkopo inapokukumbusha saa kumi na mbili asubuhi kwamba wewe ni mdeni, ndipo jamaa zako wanapobeti. Chochote unachokifanya humo ndani kinanuka pesa. Ukionekana umeinamia simu saa mbili nzima na hakuna kilichoingia, lazima una shida.

Lakini pia kuna historia hapa, na tunaisahau haraka. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kutoka baharini, na intaneti ikaanza kuwa kitu cha kawaida kwa mwanafunzi wa chuo. Baada ya hapo neno "raita" lilibadilika maana mitaa ya Roysambu, Kahawa na Juja. Ukisema wewe ni raita, hakuna aliyefikiria riwaya. Walijua una akaunti, au umekodi akaunti ya mtu, na unawaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za chuo: uuguzi, saikolojia, historia ya vita ambavyo hukuwahi kuvisikia mpaka jana jioni. Malipo kwa ukurasa. Saa za kulala zilifuata saa za Chicago.

Niliifanya kazi hiyo miaka miwili na sioni haya. Ililipa kodi, na ilinifundisha kumaliza ninachoanza. Kuna mteja mmoja alikula kurasa 40 zangu akapotea, lakini hayo ni ya biashara. Linaloniuma ni lingine. Nilioketi nao usiku wakiandika walikuwa watu wenye maneno. Mmoja angeweza kukueleza alivyogombana na landilodi mpaka ukalia kwa kicheko. Maneno hayo hayakuandikwa popote. Vidole vyake vilikuwa na shughuli ya kutafuta vyanzo vitano kuhusu utunzaji wa wagonjwa wa kisukari huko Ohio, na jina lililokuja juu ya ukurasa si lake. Kizazi kizima cha waandishi wa nchi hii kimeandika sana, usiku na mchana, na huwezi kupata sentensi yao hata moja ukasema hii ni ya fulani.

Halafu Novemba 2022 ikatoka ChatGPT na kazi ya insha ikaanza kukauka. Januari 2023 jarida la Time likaripoti kwamba kulikuwa na wafanyakazi hapa hapa Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na mauaji, ili mfumo huo ufunzwe kuyatambua. Yaani tulimwandikia mwanafunzi wa ng'ambo, halafu tukasaidia kuisafisha mashine itakayomwandikia badala yetu. Sasa niambie, baada ya hayo yote, ushauri wako kwangu ni kwamba niichukue ile pembe moja ya uandishi ambayo soko halijaigusa nami niipeleke sokoni kwa mkono wangu?

Na pesa hubadilisha hadithi, tusidanganyane. Nimewaona wanaoandika kwa sehemu, sehemu ya 1 mpaka ya 60, na wengine ni hodari kunishinda. Nawasoma. Ila unaona pale ambapo hesabu imeingia: kila sehemu lazima ikatike mlango ukigongwa, kila mke lazima agundue meseji, hakuna mtu anayeruhusiwa kuketi akafikiri kwa ukurasa mmoja kwa sababu msomaji atahama. Mimi nina hadithi ya mwanamke wa Pipeline anayeamka saa tisa usiku kusubiri maji ya zamu. Anasubiri. Mitungi imepangwa foleni, wenyewe wamesinzia ngazini, na yeye anahesabu madirisha yenye taa jengo la mkabala. Maji yanakuja, hadithi inaisha. Ukiiweka kwenye mizani ya kubofya na kutazama itakufa kabla ya aya ya pili. Mimi naipenda kuliko zote, na watu saba wameisoma. Mmoja wao alinipigia simu badala ya kutuma emoji, akaniambia mamake alikuwa anaamka hivyo hivyo Mukuru.

Najua kuna atakayeleta Binyavanga. Huletwa kila mara. Ati ona, alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa "Discovering Home," maandishi yaliyotoka kwanza kwenye jarida la mtandaoni, na mwaka uliofuata Kwani? ikazaliwa, kwa hivyo mtandao unalipa. Huko ni kusoma kitabu kuanzia mkia. Wanaokumbuka tuzo ni wengi. Waulize maandishi yenyewe yanasema nini uone watakavyohamisha mada.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo linatoka kwa waandishi wenzangu: ukisema unaandika bure, unawapa majarida na mashirika sababu ya kutotulipa sisi tunaotegemea kazi hii. Kweli, na tuelewane. Anayeuza maandishi yangu anilipe. Anayeyaweka kando ya matangazo anilipe. Anayeniita jukwaani huku mpiga picha, mpishi na mwenye hema wamelipwa, halafu mimi ananipa "nafasi ya kujulikana," huyo aniondokee. Kujulikana hakununui hata mandazi. Lakini hayo ni madai dhidi ya anayechukua. Hayawezi kugeuka kuwa amri kwangu kwamba kila ninachokipenda nikitafutie mnunuzi.

Pingamizi la pili ni kwamba uraibu ni wa wenye nafasi, na sisi wa kupanga hatuna. Hilo silikubali kabisa. Wale wa drafti steji hawana nafasi. Wana dakika kumi kati ya abiria na abiria, na wamezitumia. Miaka na miaka ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo umejazwa na walimu, askari na makarani, watu wa mshahara wa kuhesabu, wanaoketi baada ya kazi kupanga vina vya kati na vya mwisho, wakajipa lakabu, wakatuma, kisha wakasubiri malenga wa mji mwingine awajibu kwa bahari ile ile. Malumbano mengine yalikwenda wiki nyingi. Hakuna aliyewaambia wafungue chaneli. Sehemu kubwa ya ushairi wa lugha yetu katika miaka hiyo imetoka kwenye mikono ya watu waliokuwa na kazi nyingine asubuhi.

Hata neno lenyewe linachekesha. Shuleni tuliandika "uraibu wangu ni kusoma vitabu," na mwalimu akatia vema. Ukifungua gazeti leo unasoma uraibu wa kamari, uraibu wa pombe. Neno moja kwa yote mawili, na mimi sina ugomvi nalo. Mtu wa uraibu huulizwa anaweza kuacha au hawezi. Sijaweza.

Kwa sasa nina jini anayeishi kwenye tangi la maji juu ya jengo la ghorofa saba. Ana umri wa miaka mia nne, alitoka Lamu akifuata familia moja iliyohamia Nairobi, na familia hiyo imehama tena bila kumwambia. Kea anadhani ni mpangaji ambaye hajalipa kodi. Nimekwama ukurasa wa tisa, hii ni wiki ya tatu, kwa sababu sijajua kama jini anajua kusoma notisi ya kufukuzwa au atahitaji kusomewa na mtoto wa ghorofa ya nne. Kuna siku naandika mstari mmoja ndani ya matatu na kuufuta kabla hatujafika Allsops. Hakuna anayeisubiri.