Kashata ya biskuti bila oveni, na mstari wa mkaa sakafuni

Likizo ya Juni nilikwenda kumsalimia mama mdogo Mwazye, wilayani Kalambo. Huo ni wakati wa baridi kwenye uwanda wa Ufipa, na karanga mpya zinakuwa zimeshaingia ndani. Jioni familia nzima huhamia jikoni kuota moto, na watoto wakishakaa jikoni lazima waulize cha kutafuna.

Binti wa mama mdogo, aliye darasa la sita, alinionyesha video kwenye simu. Mwanamke wa nchi za mbali amepanga biskuti kwenye sinia, akazimwagia sukari iliyochemshwa na siagi, akaziingiza kwenye oveni. Zilipotoka na kupoa akazivunja vipande.

“Dada, na sisi tutengeneze,” akaniambia.

Mama mdogo alichungulia simu, akacheka. “Hiyo si kashata tu? Wameitandikia biskuti chini. Oveni ya nini?”

Alikuwa na haki. Kashata ya karanga tumekula wote, ile ya kwenye sinia la muuza kahawa na ile ya kununua nje ya geti la shule. Kinachobadilika hapa ni kwamba chini inakaa biskuti kavu, hivyo kipande hakishikani na kingine na ni rahisi kugawa. Jiko la mkaa linatosha.

Tulipoanza kuwasha, mtoto wa mwisho wa nyumba ile, mwenye miaka 2, alikuja mbio moja kwa moja kwenye jiko. Mama mdogo alimdaka kwa gauni. Nami nikajikuta naangalia kovu kwenye kidole changu.

Nilikuwa na miaka 8. Bibi alikuwa anapika kashata, akageuka kuchukua karanga. Nikachovya kidole kwenye sufuria nionje. Shira ilinata. Nikatia kidole mdomoni ili kupoze, nikaungua na ulimi. Waliokuwapo wakanipaka dawa ya meno, na kidonda kikachukua wiki nyingi kupona.

Ndiyo maana wiki hii, pamoja na namna ya kutengeneza, naandika mambo matatu ambayo video zile hazisemi: karanga ya kuchagua, mahali pa kumweka mtoto, na maji.

Kwanza chagua karanga

Katika nyumba nyingi za wakulima karanga nzuri huuzwa, na zilizobaki, zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye madoa, huliwa nyumbani. Ndizo tunazowasagia watoto na ndizo tunazotaka kuzificha ndani ya sukari. Hapo ndipo penye hatari.

Karanga na mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Huwezi kuiona wala kuinusa. Kukaanga hakuimalizi. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini na inaweza kuleta saratani ya ini. Ikiingia nyingi kwa mara moja huua. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 walifariki. Kwetu Tanzania mwaka 2016 ilileta vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo mwaga karanga kwenye ungo, mchana, penye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizochipua na zenye ukungu. Usiwape kuku, nao hudhurika. Zifukie. Ukishakaanga, onja moja. Ikiwa chungu, tema, na usitumie kundi hilo.

Kama unalima mwenyewe, usinyunyizie maji kwenye maganda ili yamenyeke kirahisi. Wengi hufanya hivyo kuokoa vidole, lakini unyevu ule ndio ukungu unaoutaka.

Mahitaji

Vipimo hivi vinatoa vipande 24:

- Biskuti kavu za kawaida 24, zisizo na krimu. Zenye chumvi kidogo ni nzuri zaidi.
- Sukari kikombe 1 (gramu 200 hivi)
- Karanga zilizokaangwa na kupepetwa maganda, kikombe 1 na nusu
- Maji vijiko 3 vikubwa
- Maji ya limau au ndimu kijiko 1 cha chai
- Siagi au majarini vijiko 2 vikubwa
- Chumvi kidogo, na hiliki ukipenda

Angalia kwamba karanga ni nyingi kuliko sukari. Nimefanya hivyo makusudi, na nitaeleza mbele.

Namna ya kutengeneza

Paka sinia mafuta, kisha panga biskuti zikaribiane, nne kwa sita. Weka sinia karibu na wewe kabla hujawasha jiko, kwa sababu shira ikiiva haikusubiri. Karanga nazo ziwe za uvuguvugu. Ukitia karanga za baridi, shira inaganda kabla hujachanganya.

Tia sukari, maji na limau kwenye sufuria nzito yenye mkono au yenye masikio imara. Weka kwenye moto wa wastani. Koroga mpaka sukari iyeyuke, halafu acha. Usiendelee kukoroga ikichemka, maana sukari itarudi kuwa chenga. Limau nalo linasaidia kuzuia hilo. Ukiona upande mmoja unaiva haraka, tikisa sufuria taratibu.

Baada ya dakika kadhaa mapovu yatakuwa mazito na rangi itaanza kubadilika. Ikifikia rangi ya asali, ipua. Huna haja ya kipimajoto. Kama una shaka, dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likivunjika kwa mlio kama kijiti kikavu, tayari. Likivutika kama ubani, rudisha motoni kidogo. Ikifika rangi ya kahawa umechelewa, itakuwa chungu.

Sufuria ikiwa nje ya moto, tia siagi na chumvi. Itatoa mapovu na kuruka, kwa hiyo tumia mwiko mrefu na usogeze uso. Koroga, tia karanga, changanya haraka, mwaga juu ya biskuti na utandaze kwa mgongo wa kijiko kilichopakwa mafuta.

Subiri dakika tano, kisha kata kwa kisu chenye mafuta ukifuata mistari ya biskuti. Acha ipoe kabisa. Kwa baridi ya Mwazye haikuchukua nusu saa. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, hasa wakati wa mvua, kwani sukari huvuta unyevu na kashata hulegea.

Mstari wa mkaa

Uwanda wa Ufipa uko juu. Sumbawanga mjini ni yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Shira ya rangi ya asali inafika nyuzi 160 au zaidi. Tena maji yakikumwagikia hutiririka yakaondoka, lakini shira hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuiunguza. Hii si kazi ya kufanya huku umebeba mtoto mgongoni.

Majiko yetu mengi yako chini, iwe ni mafiga au jiko la mkaa, sawa kabisa na kimo cha mtoto anayetambaa. Mama mdogo alichukua kipande cha mkaa, akachora mstari sakafuni hatua mbili kutoka kwenye jiko. “Huku ni kwangu, kule ni kwenu,” akawaambia. Wa darasa la sita akapewa kazi ya kupanga biskuti upande wa pili. Mwenye miaka 7 akachambua karanga. Mdogo wa miaka 2 akakabidhiwa kwa baba yake sebuleni mpaka sufuria ilipooshwa.

Hilo la mwisho ndilo muhimu. Mtoto mdogo haelewi mstari, anahitaji mtu. Kama uko peke yako nyumbani na mtoto anayetembea, siku hiyo usipike kashata. Utapika siku nyingine.

Akiungua, maji

Kama ajali imetokea, peleka sehemu iliyoungua kwenye maji safi ya baridi ya kawaida mara moja. Yatiririke kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, mimina kwa kopo kutoka kwenye ndoo. Usibandue shira iliyonata. Maji yatailainisha na kuipoza. Vua bangili na nguo iliyo karibu, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Wakati wa baridi mfunike mtoto mwili uliobaki kwa blanketi asipatwe na baridi.

Usipake dawa ya meno, yai, unga, siagi wala mafuta. Usiweke barafu. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, kisha nenda zahanati au kituo cha afya. Usisubiri kesho kama ameungua usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio au sehemu za siri, kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi. Chukua na kadi ya kliniki, wataangalia chanjo ya pepopunda.

Nani ale, na kiasi gani

Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe kashata yenye karanga nzima au vipande. Karanga ikipotea njia huingia kwenye koo la hewa na kumkaba. Yeye mtwangie karanga ziwe laini kabisa, umchanganyie kwenye uji. Mara ya kwanza mpe kidogo, umwangalie. Akivimba midomo, akitokwa na vipele au akihema kwa shida, mpeleke hospitali haraka.

Kwa wakubwa, hesabu ni hii. Kila kipande katika vile 24 kina sukari gramu 8 hivi, yaani vijiko viwili vya chai, kabla ya kuhesabu iliyo kwenye biskuti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi. Mtoto ni chini ya hapo, na bado hajanywa chai. Kwa hiyo kipande kimoja, baada ya chakula, kisha anywe maji na usiku apige mswaki. Kipande kimoja kinacholiwa kikaisha kina nafuu kwa meno kuliko vipande vya kutafuna mchana kutwa.

Sasa nirudi kwenye karanga nyingi. Rukwa ni mkoa wa chakula. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani humo wamedumaa. Sababu ni nyingi na kashata haitazitibu. Lakini karanga ina protini na mafuta anayohitaji mtoto anayekua, na sukari haina. Tukivuna magunia, tukauza nzuri zote, kisha tukanunulia watoto pipi na biskuti, tumefanya biashara mbaya.

Jioni ile tulipata vipande 24. Wa darasa la sita aligawa: kimoja kimoja kwa kila mtu, vilivyobaki kwenye kopo juu ya kabati. Mdogo wa miaka 2 alipata uji wake wa ulezi wenye karanga, akamaliza bakuli. Kabla ya kulala mama mdogo alipiga deki jikoni, lakini mstari wa mkaa aliuzunguka.

“Huo uache,” alisema. “Kesho tunapika uji.”