Mchezaji akiumia, mtoto anasikia unachosema

Usiku wa Agosti 24, 2019, mashabiki wa Indianapolis Colts nchini Marekani walikuwa uwanjani kutazama mechi ya maandalizi ya msimu dhidi ya Chicago Bears. Kabla mechi haijaisha, habari ikaanza kuingia kwenye simu zao: Andrew Luck, nyota wa timu, anastaafu akiwa na miaka 29. Luck mwenyewe alikuwa palepale pembeni mwa uwanja. Hakucheza siku hiyo, na alikuwa amepanga kutangaza kesho yake. Alipokuwa akitoka kuelekea vyumbani, baadhi ya mashabiki wakamzomea.

Baadaye usiku huohuo, akizungumza na waandishi huku akibanwa na machozi, alikiri kwamba alizisikia kelele hizo na zilimuuma.

Kwa mzazi asiyeufuatilia mchezo huo, kandanda ya Kimarekani si soka. Luck alikuwa kotabeki, yaani yule anayepanga shambulizi na kurusha pasi kwa mkono huku wanaume wenye zaidi ya kilo 100 wakimkimbilia kumwangusha. Colts walimchukua mwaka 2012 kuziba nafasi ya Peyton Manning, aliyekosa msimu mzima wa 2011 kwa matatizo ya shingo. Klabu ilimwacha Manning aende, lakini watu wa Indianapolis waliendelea kumpenda, na mwaka 2017 sanamu yake ikasimamishwa nje ya uwanja. Kwa hiyo si kwamba mji ule haujui kumpenda mchezaji aliyeumia.

Majeraha ya Luck yalikuwa mengi. Mwaka 2015 aliumia bega la kulia, lile la kurushia mpira. Novemba mwaka huohuo, katika mechi na Denver, alipigwa hadi figo ikachanika pamoja na msuli wa tumbo. Aliendelea kucheza hadi mwisho na timu ikashinda. Kuna mbavu, kuna mtikisiko wa ubongo. Januari 2017 bega likafanyiwa upasuaji, kwa sababu ukingo wa gegedu unaoshikilia kiungo cha bega ulikuwa umechanika, na akakosa msimu wote. Mwaka 2018 alirudi, akarusha pasi 39 za kufunga na kupewa tuzo ya mchezaji aliyerejea vizuri kuliko wote. Halafu kigimbi na kifundo cha mguu vikaanza kusumbua.

Alieleza kwamba kwa miaka minne alikuwa akizunguka palepale: kuumia, maumivu, mazoezi ya kupona, kisha kuumia tena. Furaha ya mchezo ilikuwa imemtoka. Alishajiahidi kwamba hatarudia kucheza kama alivyocheza 2016, akiwa na maumivu na bila kuweza kufanya mazoezi kila mara.

Hasira ya mashabiki ilikuwa na sababu yake. Msimu ulikuwa umebakiza wiki mbili kuanza, na wengi walishanunua tiketi na jezi. Lakini walimshangilia miaka yote aliyocheza akiumia, na wakamzomea siku aliposema basi. Huo ni upendo wa bega lake, si wa mtu mwenye bega.

Maneno ya namna hiyo hayapo Indianapolis tu. Baba anatazama mechi sebuleni, mchezaji anaanguka, na kabla daktari hajafika: "Anajifanya huyo!" Akikaa nje miezi miwili: "Anakula mshahara wa bure." Pembeni ameketi mtoto wa miaka 12 ambaye goti linamuuma tangu Jumanne na kesho ana mechi ya shule. Hatasema kitu. Ameshasikia aliyeumia anavyosemwa nyumbani kwao.

Na mtoto akificha, hatari ni kubwa kuliko kwa mtu mzima. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna sehemu laini ambazo bado zinakua. Pigo ambalo kwa mkubwa lingekuwa kuteguka tu, kwa mtoto linaweza kuvunja sehemu hiyo, na mfupa ukakua vibaya. Kumpeleka kwa mchuaji, au kumkanda kwa maji ya moto jioni ileile, kunaweza kuongeza uvimbe. Siku mbili tatu za mwanzo apumzike, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na mguu uinuliwe. Akishindwa kuukanyagia, au uvimbe ukiwa juu ya mfupa, apelekwe hospitali.

Aliyepigwa ubavuni au mgongoni kisha akakojoa damu asisubiri asubuhi. Aliyegongwa kichwa akatapika, akachanganyikiwa au akawa na usingizi usio wa kawaida naye hivyohivyo, na hata akionekana sawa, asirudishwe uwanjani siku hiyo, kocha aseme nini.

Mtoto anayeficha maumivu mara nyingi hugunduliwa kwa vitu vidogo: anashuka ngazi upande upande, anavua soksi akiwa peke yake, anakuwa wa kwanza kusema "niko fresh" kabla hajaulizwa. Swali zuri baada ya mechi si "mmefunga ngapi?" pekee. Muulize pia wapi panauma, kisha subiri ajibu, na akijibu usimwambie avumilie kiume.

Luck alirudi chuoni Stanford kusomea elimu, akafundisha kandanda vijana wa sekondari, na tangu Novemba 2024 ni meneja mkuu wa timu ya chuo hicho.