Tikka Haipikwi Kwenye Moto

Tikka ya kuku hupikwa usiku, ndani ya bakuli, na mkaa unapowashwa kesho yake mambo mengi huwa yameshaamuliwa. Nasema hivi nikijua nitawaudhi kaka zangu wengi wa Dar es Salaam wanaosimama nyuma ya jiko kila Jumapili, koleo mkononi, wakipokea sifa za kuku ambaye hawajui alitiwa nini. Nawapenda sana. Lakini sifa zile wamezichukua kwa mtu mwingine, na ningependa wazirudishe.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ubishi huu hautaamuliwa kwa hisia. Chukua kilo moja na nusu ya mapaja ya kuku. Toa mifupa, toa ngozi, kata vipande vinavyolingana, maana kikubwa kitabaki kibichi wakati kidogo kimekauka. Tia chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kamulia ndimu, kisha acha kwa nusu saa. Chumvi ndiyo itakayopenya ndani ya nyama. Viungo vingine vingi vitaishia juu juu, hata ukivilaza siku mbili. Ndimu nayo inataka mtu wa kuiangalia. Ikizidi na ikakaa usiku kucha, nyama hulegea na kuwa kama chaki mdomoni. Kwa hiyo kuna mtu hapa anatazama saa.

Wakati huo mtindi unachuja kwenye kitambaa safi, kwa sababu mtindi wenye maji hautashika kwenye nyama. Utadondoka wote kwenye mkaa. Mtu yuleyule anakaanga unga wa dengu kidogo, mkavu, mpaka unukie, ili uje kuufunga mtindi. Anakaanga binzari nyembamba na mbegu za giligilani, anazisaga. Anapasha mafuta ya haradali, au ya alizeti kama haradali hakuna, anayaacha yapoe kidogo, kisha anatia pilipili nyekundu isiyo kali sana, ile ambayo Wahindi huiita ya Kashmir. Anafanya hivyo kwa sababu anajua rangi ya pilipili na harufu za viungo vingi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Majani makavu ya uwatu anayasugua katikati ya viganja mpaka yawe vumbi. Anachanganya vyote, anaonja. Mchanganyiko lazima umzidi chumvi kidogo mdomoni, kwa sababu kuku ataichukua. Ndipo kuku anaingia, kisha bakuli linafunikwa na kuwekwa kwenye friji kwa saa sita, nane, hata kumi na mbili.

Nimepima jikoni kwangu. Kazi ya mikono, ukihesabu na kuosha kinu, ubao na kitambaa, ni karibu saa mbili. Kwenye moto mkali, vipande hivyo vinataka kama robo saa. Nani amepika?

Somo hili nililipata Upanga, kwa jirani yetu wa Kikhoja ambaye sote tulimwita Anti. Mumewe alikuwa na jina mtaani. Watu walisema hakuna mtu anayechoma tikka kama yeye, na kweli tulikula tukalamba vidole. Siku moja nilimuuliza, kwa ujinga wa mtoto, "Anti, mbona wewe huchomi?" Alikuwa amezama mpaka viwiko katika bakuli la mtindi. Akaniambia, "Mwanangu, nikishika koleo mimi, hiki nani atafanya?" Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Niliitikia nikaenda kucheza, lakini nimekuja kuona kwamba jibu la ubishi wote lilikuwa ndani ya swali lile.

Kuna atakayeniambia kwamba moto ni wa wanaume tangu zamani, huko huko India tikka ilikotoka. Huyo aende Punjab kwanza. Tikka kwa Kiurdu na Kihindi ni kipande tu cha nyama. Kilichokipa kipande hicho hadhi ni tanuri la udongo liitwalo tanduri. Na katika vijiji vya Punjab, pande zote mbili za mpaka, tanduri la pamoja lilikuwa mahali pa wanawake. Walikuja na kinyunya chao kila mmoja, wakapokezana zamu, wakabandika mikate kwenye ukuta wa tanuri ambalo joto lake ndani huweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi, na huku habari za kijiji zikizungumzwa. Mikono iliyoingia humo ilikuwa ya mama na binti zao. Sijawahi kusikia kwamba waliungua kwa sababu ya jinsia.

Tanduri lilipohamia kwenye mgahawa, likawa ajira, likawa na mshahara na jina ukutani, na aliyesimama mbele yake akawa mwanaume. Tazama historia iliyoandikwa. Simulizi inayorudiwa zaidi ni ya Moti Mahal, mgahawa ulioanzia Peshawar na kufunguliwa upya Delhi baada ya India na Pakistan kugawanyika mwaka 1947. Anayetajwa ni Kundan Lal Gujral. Lakini familia ya mshirika wake, Kundan Lal Jaggi, nayo ina madai yake, na mwaka 2024 warithi wa Gujral walifika Mahakama Kuu ya Delhi kuushitaki mgahawa wa Daryaganj, unaohusishwa na mjukuu wa Jaggi, wakigombea nani alibuni kuku wa siagi, mchuzi unaotengenezwa kwa kuku wa tanduri. Kundan Lal wawili, mabakuli ya mtindi yasiyohesabika, na katika kesi nzima hakuna anayedai kwa niaba ya mwanamke yeyote.

Uingereza mambo ni yale yale. Huko Glasgow, Ali Ahmed Aslam, aliyefariki Desemba 2022, alisifiwa kwamba ndiye aliyeipa tikka mchuzi ikawa tikka masala. Mwaka 2001 waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo, Robin Cook, alisimama akaitangaza tikka masala kuwa chakula cha taifa la Uingereza. Sina shida na marehemu hawa wala na mchuzi wao. Ninachosema ni kwamba kila mara chakula hiki kinapotafutiwa mwenyewe, macho huenda kwa aliyekuwa karibu na moto au karibu na kipaza sauti.

Sasa mtazame Madhur Jaffrey. Kitabu chake cha kwanza cha mapishi ya Kihindi kilitoka mwaka 1973, na mwaka 1982 BBC ikamweka kwenye televisheni kuwafundisha Waingereza kupika. Ameeleza mara nyingi kwamba alipofika London kusomea uigizaji hakujua kupika. Aliyemfundisha ni mama yake, kwa barua zilizotoka Delhi. Hebu fikiria: elimu yote ile ya viungo, ya kipi kitangulie na kipi kisubiri, ilisafiri ndani ya bahasha kutoka kwa mwanamke ambaye hakuna mgahawa ulioandika jina lake ukutani. Tumeijua habari yake kwa sababu binti aliamua kusema. Wangapi hawakuwa na binti mwandishi?

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia kwenye sherehe.

La kwanza ni kwamba kuchoma ni ufundi. Ni kweli. Oveni zetu nyingi za nyumbani hufikia nyuzi 250 hivi, na jiko la mkaa halina kitufe. Lazima ujue mkaa uwe umefunikwa na jivu jeupe kabla kuku hajawekwa, vijiti vya mti viwe vimelowekwa majini, vipande visibanane, na katikati ya nyama pasibaki wekundu. Lakini haya yote nimeyafundisha kwa mvulana wa miaka kumi na minne katika mchana mmoja, na jioni alichoma vizuri. Kujua kwa ulimi kwamba mtindi wa leo ni mchachu kuliko wa juzi, hivyo ndimu ipungue, kulinichukua miaka. Ufundi upo pande zote mbili. Sifa zipo upande mmoja.

La pili ni kwamba wanawake wenyewe hawataki kusimama kwenye moshi. Labda wengine hawataki. Ila nimeona pia kwamba mwanamke akisogea jikoni pa nje anaambiwa, kwa upendo kabisa, "Wifi, kapumzike, hii kazi tuachie sisi," naye anarudi ndani kupumzika kwa kukata kachumbari, kusuka mkate na kutafuta sahani. Huwezi kujua mtu anataka nini kama kila akikaribia unamrudisha.

La tatu hutoka kwa vijana wenzangu, nalo ndilo linaloniuma zaidi: tununue unga wa tikka wa pakiti, kila mtu apumzike. Soma maandishi ya nyuma ya pakiti nyingi na utakuta chumvi mwanzoni na rangi mwishoni. Wekundu ule mkali tuliouzoea mara nyingi ni rangi ya chakula; pilipili na binzari ya manjano huleta rangi ya machungwa iliyoiva, na moto huitia weusi pembeni. Lakini hata pakiti ingekuwa nzuri, bado kuna mtu atamkata kuku, atachuja mtindi, ataosha bakuli. Pakiti haikumpunguzia mengi. Imemwondolea ile sehemu ya kazi iliyohitaji akili yake, ikamwachia ile inayohitaji mgongo wake tu. Na kesho mwenye koleo atasema, kwa uhakika zaidi, kwamba huko ndani hakukuwa na kazi.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mchomaji wetu amesifiwa mno, na matokeo tunayala: kuku mkavu, mwekundu kama koti la askari wa bendi, amepakwa unga dakika ishirini kabla ya moto kwa sababu hakuna aliyekumbuka jana usiku. Pale bakuli linapokosa heshima, kazi ya bakuli hufanywa ovyo, au hubebeshwa mtu mmoja mpaka achoke. Kisha tunashangaa kwa nini tikka za siku hizi hazina ladha.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana wiki hii. Atakayeshika koleo Jumapili, Jumamosi usiku awe amekata kuku, amechuja mtindi, ameonja viungo na ameosha kinu. Aliyelaza kuku, akitaka kuchoma, apishwe jikoni bila mzaha. Na watu wakianza kusifu, mwenye koleo ageuke aseme jina la aliyelaza kuku, kwa sauti, mbele ya wageni wote, kabla hajapokea hata "asante" moja. Kama jina hilo ni lake mwenyewe kwa sababu usiku ule alikuwa peke yake na bakuli, basi ale sifa zake zote kwa raha. Nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi, na nitamwomba aniambie alitia uwatu kiasi gani.